Babu wa Saba

Jumapili, 2 Februari 1975

Mwalimu Hezekia wa kisomo cha watu wazima amesema kila mmoja aandike habari zake kila siku, hata mstari mmoja, ili herufi zisitutoroke. Haya. Naitwa Simoni Heche, balozi wa nyumba kumi katika kijiji chetu kipya, upande huu wa Ringwani. Shule niliishia darasa la nne. La tano lilinikataa, nami nikalikataa. Lakini dunia yenyewe imenisomesha. Nimewapikia Wazungu Nakuru, nimelala hoteli Kisumu, nimepanda treni daraja la pili mara moja, kwa makosa ya mkata tiketi. Kijiji hiki hakina mwingine anayejua kula samaki kwa uma.

Joto. Mvua bado.

Jumatano, 5 Februari

Shamba la kijiji, bega kwa bega. Bega langu leo lilikuwa kivulini, likiwasimamia wenzake.

Jumamosi, 8 Februari

Leo nina habari. Binti yangu Robi amepata mchumba, naye ni Method, kijana wa jirani yangu Ryoba.

Mwaka jana Operesheni Vijiji ya serikali ilipotushusha kutoka milimani na kutupanga kando ya barabara kama vikombe kabatini, mimi nilinung'unika kuliko wote. Kule juu tuliacha boma la babu yangu na makaburi ya watu wetu, na nyumba zilichomwa ili tusipate pa kurudi. Ryoba naye walimtoa ng'ambo ya mto Mara, ambako watu wake wamekaa miaka na miaka. Tukapewa viwanja vinavyopakana. Mtu ambaye nisingemwona mpaka kufa, sasa namsikia akikohoa usingizini. Na wakati sisi wazee tunanuniana kwa sababu ya mpaka, kumbe vijana wetu walikuwa hawana mpaka.

Ryoba ni mtu wa maneno machache. Mimi ni mtu wa maneno yote aliyoyaacha. Tunaelewana. Wiki ijayo wanakuja kuzungumza, na nimemwambia mke wangu Gati mtama wa pombe usipunjwe.

Jumamosi, 15 Februari

Leo nitaandika yote.

Walikuja asubuhi, Ryoba na wazee wake, mbele yao Mzee Wangwe, mkubwa wa ukoo wao, mzee ambaye hata mbwa humpisha njia. Chungu cha pombe katikati, mirija mirefu, kila mtu na kigoda chake. Robi alikuwa jikoni na mama yake, anacheka bila sababu.

Desturi yetu ni kwamba kabla ng'ombe hawajatajwa, kila upande hutaja babu zake mmoja mmoja kurudi nyuma, ionekane hakuna damu iliyogusana. Watu wote huishia wa nne. Wa nne anatosha. Hakuna anayemdai mwenzake zaidi.

Nikaanza mimi, upande wa binti. Nikataja wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Wakaitikia. Hapo nilipaswa kukaa. Lakini pombe ilikuwa imeiva vizuri, na watu walikuwa wananitazama, na mimi nikitazamwa namna ile siwezi kukaa. Nikasema, "Wazee wangu, msidhani mnaoa kwa mtu aliyeokotwa njiani. Leo nawafikisha mpaka kwenye mizizi." Nikataja wa tano. Nikataja wa sita. "Na wa saba ni Magige mwenyewe, Magige wa Jicho Moja, aliyemkaba chui kwa mikono mitupu. Chui akaondoka na jicho, Magige akabaki na ngozi!"

Nikangoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Mrija wa Mzee Wangwe ulikuwa umemtoka mdomoni, unamdondoshea pombe gotini.

"Rudia," akasema.

"Magige wa Jicho Moja."

"Jicho gani?"

"La kushoto, mzee."

Akamgeukia Ryoba. "Wewe. Babu yetu aliyevuka mto mwaka wa njaa, akapokelewa na wenyeji, akachukua jina la ukoo wao. Alikuwa mtoto wa nani?"

Ryoba aliangalia chini. Halafu akamjibu kama mtu anavyomjibu baba, "Si ulinifundisha mwenyewe, tata. Wa Magige. Aliyetobolewa jicho na chui."

Mzee Wangwe akasimama, na wengine wakasimama. "Tulikuja kuoa," akasema, "tumekuta ndugu. Ng'ombe hawatajwi hapa."

Wakaondoka. Chungu kilikuwa hakijafika nusu. Jikoni kicheko kilikwisha, sijui saa ngapi.

Jumapili, 16 Februari

Gati hakusema nami kutwa. Jioni akaweka ugali mezani, akasema, "Wa nne hakukutosha?"

Nikaomba chumvi tu. Mimi!

Jumatano, 19 Februari

Robi ana mimba. Mama yake amemkagua, ni tangu mwezi wa kumi, tulipokuwa bado tunajenga haya mabanda. Kwa hiyo ilikuwa ndoa ya haraka, na mimi nimesimama katikati ya njia nikipiga kelele za chui.

Nilimwita Robi nimgombeze. Akaja, akasimama mlangoni, akasema, "Tata, nimekuja." Nikamwambia akae, ale.

Jumamosi, 1 Machi

Nilimwomba Mwalimu Hezekia anisaidie kwa elimu. Kijana mzuri, amesomea ualimu, hana makuu. Tukaenda kwa Mzee Wangwe mchana, na Ryoba akaja, na watu wengine wenye masikio marefu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmekuja na kikombe?"

Habari zilikuwa zimetutangulia. Kweli mwalimu alikuwa na kikombe, na maziwa, na debe la maji. Akasema kila mtoto huchukua nusu kwa baba, nusu kwa mama. Akajaza kikombe maziwa. "Huyu ndiye Magige." Akamwaga nusu, akajaza maji. "Huyu ni mtoto wake." Akamwaga nusu, akajaza maji. Mjukuu. Akaendelea hivyo kushuka mpaka akafika kwangu, na mara moja zaidi kwa Robi. Kikombe kikawa maji, yana wingu kidogo tu, kama jicho la mzee. "Mnaona? Ndicho kilichobaki cha Magige. Na kama ni kufuata hesabu, kila mtu ana mababu wengi hivi kwamba sisi sote wilaya nzima ni ndugu. Tusioane kabisa?"

Nikapiga makofi. Nikasema kwa hesabu hiyo hata nyani wa Serengeti wanatakiwa kuja kudai mahari. Watu wakacheka. Nikaona tumeshinda.

Mzee Wangwe akapokea kikombe, akakinusa. Akakiweka chini, akaita paka kwa ulimi. Paka akatoka uvunguni, akaja, akayanusa yale maji, akayalamba mpaka akafika chini, akalamba na ukingo.

"Muulize paka," akasema Mzee Wangwe, akaingia ndani.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Nzito.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Katekista anasema kanisa haliwezi kuwazuia, hesabu ya kanisa haifiki huko mbali. Nikampelekea Ryoba habari hiyo. Akasema, "Katekista hatalala kwenye nyumba yangu mtoto akiumwa."

Ijumaa Kuu, 28 Machi

Mvua tangu alfajiri. Vyoo vya mstari wa chini wa nyumba vimejaa maji. Kule milimani kila boma lilikuwa na mteremko wake. Hapa uchafu wa jirani unakuja kukusalimia mlangoni. Method hupita barabarani kila jioni, polepole, anatazama mbele. Robi husimama nyuma ya jiko. Hawasemeshani. Tumbo limeanza kuonekana.

Alhamisi, 10 Aprili

Surua imeingia. Mstari wa juu watoto watatu wameugua, wa chini sijui. Nyumba zimebanana, mmoja akipiga chafya kijiji kizima kinajifuta.

Jumatatu, 14 Aprili

Bhoke amefariki, mtoto wa mwisho wa Ryoba. Alikuwa ananiita Babu Treni kwa sababu nilimfundisha mlio wa treni. Nimetafuta la kuchekesha la kuandika hapa, sikupata.

Jumanne, 15 Aprili

Tumezika mvuani. Kaburi lilikuwa linajaa maji kadiri tunavyochota. Nilishuka mimi mwenyewe kuyatoa kwa sufuria, Ryoba akinipokea juu, mkono kwa mkono.

Baada ya kufukia, Mzee Wangwe akasema bila kupaza sauti, "Magige ameanza kukusanya. Damu ikijirudia yenyewe, hula watoto." Watu hawakumtazama yeye. Walimtazama Robi, pale alipokaa na wanawake. Gati akahamisha kanga yake, akamfunika binti tumbo, kama anamkinga na mvua.

Nikasema kwa nguvu, "Na wale watoto wa mstari wa juu? Nao ni wa Magige?" Kwenye msiba mtu akiuliza swali zuri huonekana mkorofi.

Wakati wa kuondoka Ryoba akanishika mkono. "Simoni, mimi sina ugomvi na wewe. Naogopa."

Jumatatu, 21 Aprili

Nimetembea mpaka Kisaka kwa shangazi yangu Nyangi, dada wa marehemu baba, mtu wa mwisho aliye hai anayejua habari za ukoo wetu. Matope mpaka magotini. Nilitaka aniambie Magige wetu na Magige wao ni wawili tofauti. Majina hufanana. Macho pia hutobolewa mengi.

Shangazi alikuwa anapepeta wimbi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni yuleyule."

"Basi tumekwisha."

"Keti, mura, kijana wangu, usilie kama fisi. Ni yuleyule, lakini nyie si wake."

Nikasema shangazi, sijaelewa.

"Magige alikuwa na wake wengi. Mmoja, bibi yako wa mbali, hakuzaa. Magige akafa. Bibi akabaki na ng'ombe na nyumba isiyo na mtoto. Akafanya wanavyofanya wenzake, akatoa ng'ombe, akaoa msichana. Ndiyo nyumba ntobu, mwanamke kuoa mwanamke. Msichana akazaa, watoto wakawa wa bibi, wakaitwa wa Magige. Sisi tumetokea hapo. Watu wa Ryoba wametokea kwa mke mwingine, aliyezaa na Magige mwenyewe."

"Na huyo msichana alizaa na nani?"

"Na mtu."

"Mtu gani?"

"Alikuja jioni, akaondoka ng'ombe hawajafunguliwa. Wengine walisema ni mwindaji wa kabila la Wanata. Wengine walisema ni mfua chuma anayepita. Hakuna aliyeuliza. Kuuliza kungembomolea bibi nyumba yake."

Akaendelea kupepeta. Nikakaa nikitazama makapi yanavyoruka.

Jumanne, 22 Aprili

Nimerudi. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Nimejitazama kwenye kioo cha kunyolea. Maisha yangu yote, Nakuru kwenye jiko la Mzungu, Kisumu nikipigwa, nilijiambia wewe ni wa Magige, simama. Hii pua ni ya nani? Hivi vidole virefu? Kuna mtu alikuja jioni, akanipa vyote hivi, na hata jina lake hakuna aliyelihifadhi. Yule aliyehifadhiwa na kusimuliwa, ambaye nimempigia kelele kwenye kila chungu cha pombe, hakunipa hata ukucha.

Nikisema, Robi ataolewa, na mimi sitakuwa mtu wa mtu. Nikinyamaza, nitabaki na chui wangu. Nimejiuliza mara moja tu, sikurudia. Kuna mambo ukiyauliza mara mbili utapata jibu baya.

Jumamosi, 3 Mei

Nilisema.

Wazee wote walikuwepo, wa kwao na wa kwetu, kwenye banda la ofisi ya kijiji kwa sababu ya mvua. Nikasimama, nikasimulia kama alivyosimulia shangazi, bila mapambo. "Kwa hiyo," nikamaliza, "mimi si damu ya Magige. Binti yangu si damu ya Magige. Method ni damu yake, amuoe mtu baki. Mtu baki ndiye mimi."

Halafu mtu wa nyuma akasema, "Kumbe chui alikuwa wa watu!" Banda lote likacheka. Nami nikacheka nao, kwa sababu kwa kweli ilichekesha, na kwa sababu nilidhani kicheko hicho ndiyo bei, na nimeshailipa.

Mzee Wangwe hakucheka. Aliniuliza kwa upole, upole ambao sikuupenda.

"Bibi yule alimuoa msichana kwa ng'ombe za nani?"

"Za Magige."

"Watoto walikunywa maziwa ya ng'ombe gani?"

"Hizohizo."

"Walipokufa walizikwa kwenye boma la nani? Waliapa kwa jina la nani? Baba yako alipokuwa anakata roho alimwita nani?"

"Magige," nikasema. Kweli alimwita. Nilikuwepo.

"Basi hiyo ndiyo damu, Simoni. Yule wa jioni alipita. Nyumba ya bibi haikujengwa ili leo wewe uje uibomoe kwa sababu binti yako ana haraka. Nikikubali maneno yako, nusu ya watu walio kwenye banda hili watalala leo bila baba."

Nikatazama huku na huku. Watu walikuwa wanatazama miguu yao. Nikaelewa kwamba sikuwa peke yangu mle ndani, na kwamba ndiyo sababu hakuna atakayenisaidia.

Hukumu: Method asimuoe Robi. Asiingie kwangu. Nyumba zetu mbili zisipeane moto wala chakula mpaka utakaso. Mtoto akizaliwa ni wa nyumba yangu, ataitwa Magige, ili mzee mwenye jina apoe huko aliko.

Jumatano, 7 Mei

Watoto wa shule wananiita Mwana wa Jioni. Jina zuri kuliko la ubatizo. Nimewapa pipi walionitungia.

Jumamosi, 10 Mei

Method alikuja mchana kweupe, akasimama nje ya ua, hakuingia. "Shikamoo baba." Anakwenda Sirari mpakani, kisha avuke kwenda Kenya, atafute kazi huko huko. Akanitazama usoni akasema, "Robi akitaka, twende wote leo."

Nikaingia ndani nikamwambia Robi. Nikasema, nenda. Nikasema Kenya naijua kama mfuko wangu, huko mtu hakuulizi babu wa saba, anakuuliza kipande chako cha utambulisho tu. Mama yako atalia, atanyamaza. Nitabeba hizo laana, mgongo ninao.

Alikuwa anachambua mboga. Akasema, "Na kama ni kweli, tata?"

"Kitu gani?"

"Anachosema Mzee Wangwe. Kama ni kweli? Nilimbeba Bhoke mgongoni akiwa na homa. Nimsafirishe huyu wa tumboni mpaka ugenini, halafu nimchimbie kaburi huko, peke yangu?"

Nikamwambia ni surua, Robi, ni surua. Akasema, "Najua." Akaendelea kuchambua. Majani mazuri anatupa, mabaya anaweka sufuriani.

Nikatoka kumjibu Method. Aliona usoni kabla sijafungua kinywa. Akasema, "Mwambieni nimesalimia."

Jumatatu, 19 Mei

Mvua inapungua.

Jumapili, 1 Juni

Mtama umetoa masuke. Ndege wengi. Robi analinda shamba, anawarushia udongo.

Jumanne, 17 Juni

Mwalimu Hezekia ameuliza kwa nini sikuja kisomoni wiki tatu. Nimemwambia herufi nimezikamata zote, ziko nyumbani zimefungwa. Alicheka, halafu akasema, "Pole, Mzee Simoni." Sikutegemea. Ilibidi nigeuke.

Jumapili, 13 Julai

Mtoto wa kiume. Mzima, analia kama anadai. Gati alimpokea, akamhesabu vidole, akamhesabu tena. Robi akauliza, "Ana kasoro?" Gati akasema, "Hana." Akauliza tena. Tangu alipojifungua jana anauliza, hata sasa nikiandika.

Jumamosi, 19 Julai

Wazee wamekuja kumpa jina. Magige. Mzee Wangwe alimshika, akamtazama jicho la kushoto, akaridhika. Method hakutajwa. Yeye sasa ndiye yule wa jioni. Siku moja kijana mmoja atasimama mbele ya chungu cha pombe ahesabu, atafika kwangu, atapita juu yangu kwenda kwa mwenye jicho moja, na Method, ambaye nasikia hajavuka bado, analala Sirari kwenye maboksi, hatakuwepo. Nimeliandika hapa: baba yake ni Method wa Ryoba. Kama panya hawatakula karatasi.

Jumamosi, 26 Julai

Tumeanza kuvuna. Asubuhi watu wote walipokuwa barabarani na miundu, nikamchukua mtoto kwa Robi, nikamfunga kanga, nikaenda naye mpaka mlangoni kwa Ryoba. Watu wakasimama. Nikabisha hodi kwa sauti ya balozi.

Akatoka. Amekonda tangu msiba.

"Simoni, tumekatazwa."

"Tumekatazwa moto na chakula. Huyu si moto, na bado hajaiva. Nisikilize, nimefikiri usiku kucha. Kama mimi na wewe si damu moja, basi huyu ni mtoto wa mwanao, mjukuu wako, mpokee. Kama ni damu moja, basi mimi ni ndugu yako na mjukuu wangu ni mjukuu wako, mpokee. Chagua unayotaka. Mimi kwa yote mawili nimekuja kwako."

Barabarani mtu mmoja akacheka, akakoma.

Ryoba hakumpokea. Mikono aliifunga nyuma, akaishika yenyewe kwa yenyewe. Lakini alisogea, akainama, akamtazama. Mtoto alikuwa macho. Ryoba akamtemea mate ya baraka kifuani, kidogo, kama wanavyofanya wazee.

"Ana masikio ya Method," akasema.

"Anayo."

"Mjukuu," akasema, chini sana, kwa mtoto, si kwangu. Halafu akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyeiba, akarudi ndani akafunga mlango.

Nikamfunika mtoto kichwa, jua lilikuwa limepanda. Nikampeleka kwa mama yake.